Vikombe Vinne vya Kontena

Wifi yangu, dada yake mume wangu, ndiye aliyeniambia kwanza. Alikuja kurudisha sufuria, akasimama mlangoni, akasema, "Wifi, kijiweni leo wanampepeta kaka. Wameshampangia vikombe." Nilielewa. Mume wangu ni bondia wa uzito wa juu, na mtaa humwita Kontena kwa sababu mchana hupakia malori. Mkanda anao, na ameutetea mara nne. Kesho yake asubuhi mwandaaji wa mapambano alitaka jibu kama atautetea tena mbele ya kijana anayeitwa Nondo, ambaye mabondia wengine wamemkimbia. Nyumbani alikwishaniambia atakataa, maana tangu pambano la mwisho jicho lake la kulia linaona ukungu. Hilo tulilijua sisi wawili tu.

Kijiwe kiko mbele ya duka la fundi cherehani, nami humshonea fundi vifungo pale kizingitini, mtoto mgongoni. Wana sheria yao. Kila mara bingwa alipotetea mkanda, kikombe kitupu cha muuza kahawa wa pale kinasimamishwa juu ya benchi. Mwenye hoja anaitoa. Wakiridhika kwamba utetezi ule haukuwa na thamani, kikombe kinafunikwa. Vinavyobaki wima ndio ubingwa wa mtu. Nilipofika, cha kwanza kilikuwa kimeshafunikwa, kwa kuwa mpinzani yule eti alikuwa ametoka kulazwa.

— Shemeji usinune, aliniambia Refa, mlinzi wa ghala ambaye hajawahi kuchezesha hata mechi ya watoto. — Hii ni kazi, si uadui.

Nikainamia kifungo changu.

— Wa pili alikuwa babu, akaendelea. — Aliposhuka ulingoni, mtu mwenye ndevu alimwita babu. Mimi nilisikia.

— Ng'ombe hazeeki maini, alisema Kinyozi, mkasi mkononi, mteja wake akiwa ameachwa nusu kichwa.

— Kwani Kontena alimpiga maini? alijibu Refa. — Alimpiga taya.

Hoja ikapita. Kikombe kikafunikwa.

Cha tatu kilikuwa cha Redio, fundi baiskeli, ambaye akifunguliwa hazimiki. Alieleza kwa kirefu kwamba mpinzani wa tatu hakuwa mzito hata kidogo, bali alikunywa ndoo nzima kabla ya kupanda mizani.

— Ukimpiga yule umepiga maji, alimaliza. — Na maji yakimwagika hayazoleki.

Kinyozi aliuliza kama hiyo maana yake Kontena alishinda au alishindwa. Redio akasema maana yake ni kikombe kulala.

Hapo mume wangu akatokea, vumbi la saruji mabegani, akaketi mwisho wa benchi. Nilidhani watashusha sauti. Wakapandisha. Kilibaki kikombe cha nne, na pambano la nne ndilo lililomharibia jicho. Refa alisema mpinzani siku ile alivaa viatu vya kuazima vinavyombana, na mtumai cha ndugu hufa maskini. Redio akasema viatu si kitu, tatizo lilikuwa taa, ambayo ilifungwa makusudi imchome machoni kijana wa watu. Kinyozi akawapita wote. Alidai ulingo wenyewe ulikuwa na mteremko kuanzia kona ya bingwa, kwa hiyo Kontena alikuwa hapigani, alikuwa anateremka tu, na chochote kizito kikiteremka kinaangusha watu.

Walicheka mpaka mteja wa Kinyozi akacheka. Kikombe kikafunikwa.

Mume wangu naye alicheka kidogo. Muuza kahawa alimnyooshea kikombe cha kahawa, na niliona mkono wa mume wangu ukipita pembeni, ukashika hewa, ukarudi ukakipata. Wao hawakuona.

— Na Nondo je? aliuliza polepole. — Nikimpiga Nondo mtakifunika?

— Nondo ni kikombe cha chuma, kaka, alisema Refa. — Hicho hakilali.

— Basi mwambieni aje.

Sindano ilinichoma kidole. Nilitaka kusema neno, ulimi ukagoma, kama kawaida yangu mbele za watu. Mtoto alianza kulia, nikasimama kumbembeleza, nikaketi, nikasimama tena.

Kulikuwa na mama mmoja mgeni, ameleta suruali ya mwanawe ipunguzwe. Alikuwa akivitazama vikombe muda wote.

— Samahani jamani, alisema. — Kabla ya huyu mmewapepeta mabingwa wangapi?

Refa alijibu kwa fahari kwamba wote, wa hapa na wa ng'ambo, waliokufa na walio hai.

— Na ni yupi aliyebakiwa na kikombe kimesimama?

Refa alimtazama Redio. Kinyozi akasema yupo mmoja, wampe muda tu. Muuza kahawa akamkumbusha kuwa huyo naye walimfunika, kwa madai kwamba mizani aliyopimiwa ilikuwa ya viazi. Kisha akaanza kukusanya vikombe vyake, maana wateja walikuwa wanasubiri.

Njiani, tulipofika mtaroni, mume wangu alikosea ubao wa kuvukia, nikamshika mkono.

— Mama watoto, alisema. — Nikienda kwa mwandaaji mimi mwenyewe, nitarudi nimekubali. Najijua. Nenda wewe.

Mimi, ambaye hata dukani huomba jirani aniagizie.

Asubuhi nilimbeba mtoto mgongoni, nikauviringisha mkanda katika shuka lake, nikaenda. Mwandaaji aliuliza kama mume wangu ametuma jibu au nimejituma mwenyewe. Nikamwambia haoni kwa jicho la kulia. Aliniambia niseme kwa sauti, hajasikia. Nikasema tena kwa sauti, na watu wote waliokuwa kwenye foleni wakageuka kunitazama. Nikauweka mkanda mezani, nikaketi kwenye kiti ambacho sikukaribishwa, nikasubiri aupokee.