Wasifu wa Mama Pasi, na Mfungo Ambao Hakuufunga

Tunayemzika leo mlimwita Mama Pasi. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1943, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao, mtoto wa tano na binti wa pekee wa fundi seremala na mkewe. Baba yake aliongoza sala kanisani, na nyumbani kwake mtoto hakuruhusiwa kulia watu wakisali. Siku moja nyigu alimuuma sikioni katikati ya sala ya asubuhi. Alingoja hadi "amina" ndipo akapiga yowe. Alikuwa na miaka sita, na ukoo mzima ulimsifu kwa hilo mpaka akawa bibi.

Alianza shule mwaka 1951 na kumaliza darasa la nane mwaka 1958. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, ila hesabu zilimpiga chenga. Baba yake aliona kusoma na kuandika vinamtosha mtoto wa kike, na marehemu hakumpinga. Hakuwa mtu wa kupinga.

Tarehe 1 Februari 1965 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akafanya kazi humo miaka thelathini na mitatu, na jina lake akalipata huko. Mashuka yalimfikia yakiwa na damu, mkojo na kila kinachoweza kumtoka binadamu, yakaondoka yamenyooshwa na kukunjwa mara nne. Siku moja alimkuta msichana mgeni wa kazi akitema mate pembeni, kwa kinyaa. Akamwambia, "Mwanangu, shuka hilo lilimfunika mtu. Ungekuwa wewe uliyelala humo, ungependa kutemewa mate?" Msichana yule baadaye akawa msimamizi wa chumba hicho, na leo amekuja kumuaga pamoja nasi.

Saa ya ukutani ya chumba cha kufulia iliharibika mwaka 1966, akaletwa fundi saa kijana. Akaitengeneza Jumatatu, ikasimama Ijumaa. Akarudi, ikasimama tena. Mwezi wa tatu marehemu akapanda juu ya kiti, akaifungua mwenyewe, akakuta skrubu imelegezwa makusudi. Fundi alipokuja akamuuliza, "Unatafuta saa au unatafuta mtu?" Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 23 Desemba 1967, wakajaliwa watoto watatu. Fundi saa, baba yetu, alitutoka mwaka 2004.

Mwaka 1972 alijiunga na huduma ya sala ya wanawake, na tangu 1979 alikuwa mwenyekiti wake. Ni yeye aliyeweka utaratibu wa kujitenga mnaoufuata mpaka leo: mwanamke akijitenga kwa mfungo wa siku arobaini, haingiliwi ndani, hasalimiwi, hapelekewi hata chakula. Wenzake huimba nje ya mlango kila Alhamisi na kupenyeza chini yake karatasi za maombi zisizo na majina. Alikuwa mkali, na nisipolisema hilo mtajua namficha. Mama mmoja mzee alipotoka nje mara mbili wakati wa sala, marehemu alisema mbele ya wote, "Mwili uliotiishwa hautoki ibadani." Wengi mlicheka. Mimi pia nilicheka.

Kisukari kilimpata mwaka 2009, na Agosti 2021 akapata kiharusi kidogo. Mkono ulirudi lakini kibofu hakikurudi. Jumapili ya tarehe 7 Novemba mwaka huo alilowesha kiti chake cha mbele kanisani. Nilimfunga shali kiunoni na kumtoa kabla ya wimbo wa mwisho. Nyumbani alivua nguo zake nyeupe, akazifua mwenyewe kwa mikono yake, akasema, "Wasijue."

Hapa naomba mfungue ukurasa wa pili wa ratiba mliyoshika. Pameandikwa kwamba marehemu "alitumia mwaka wake wa mwisho katika mfungo na sala ya faragha." Sentensi hiyo niliiandika mimi, binti yake wa kwanza ninayewasomea. Si kweli. Imechapishwa nakala mia tatu na nimeshindwa kuirudisha.

Tarehe 5 Desemba 2021, saa saba mchana, katibu wa huduma alibisha hodi akiwa na chungu cha supu.

"Mama hatumwoni, kulikoni?"

Mdomo wangu ukatangulia. "Mama amejitenga."

"Amefunga? Kwa umri ule?"

"Amefunga."

Katibu akajiziba mdomo kwa kiganja, akaondoka kwa kunyata, na supu yake akarudi nayo. Mama alikuwa amesikia yote kutoka chumbani.

"Umenifungisha na mimi nimetoka kula viazi sasa hivi?" Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Acha tu. Afadhali hivyo."

Siku arobaini zilikwisha tarehe 14 Januari. Nikatangaza kwamba ameongeza. Zikaisha tena, nikaongeza tena. Mwezi Juni mchungaji alimtaja katika mahubiri, nasi watoto wake tukakaa wima kwenye viti kama tuliofunga sisi. Mwanamke wa miaka sabini na tisa alikuwa katika mfungo wa tano mfululizo na hakuna aliyeuliza anaishije. Imani yetu ni kubwa jamani, hesabu ndiyo haba.

Miezi kumi na moja hakuingia mgeni katika chumba kile. Mama alizoea watu. Alikuwa na dirisha, redio, nepi za watu wazima nilizozificha chini ya kitanda, na mimi. Alhamisi aliwasikiliza mkiimba, halafu nikamsomea karatasi zenu. Nyingine zilimchekesha. "Huyu ananiomba nimwombee mguu. Wangu nimpe nani?" Lakini aliziombea zote, moja moja.

Alhamisi ya tarehe 22 Septemba 2022 ilipenya karatasi hii. Ninayo mkononi. "Mama, niombee. Siwezi tena kuzuia mkojo. Nakaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Nimekusudia kuacha kuja." Alinitaka niisome mara mbili.

"Huyu simwombei," akasema. "Huyu aitwe."

"Aitwe vipi, mama? Hana jina."

"Jumapili simama mbele useme. Mama Pasi naye anajikojolea, mwenye shida kama yake aje. Atajijua."

"Mbele ya watu wote?"

"Mimi ndiye niliyewaambia mwili uliotiishwa hautoki ibadani. Nani mwingine wa kulifuta?"

Nikamwambia nitasema.

Jumapili hiyo sikusimama. Niliwaza mahubiri ya mchungaji, nikawaza jina letu, nikawaza wakwe zangu waliokaa safu ya tatu. Niliporudi aliuliza, "Umesema?" Nikajibu, "Nimesema." Akaniamuru nisogeze kitanda chake ukutani ili kiti cha mgeni kipate nafasi. Jumapili iliyofuata aliuliza, "Hajaja?" Nikasema hajaja. Na iliyofuata. Zilikuwa Jumapili saba. Ile ya sita aligeukia ukuta, akasema, "Basi ananionea kinyaa." Hata hapo sikusema kweli. Nilimfunika shuka na kwenda kuosha vyombo.

Tarehe 7 Novemba alipelekwa hospitali, ileile aliyoifulia mashuka. Maambukizi yalikuwa yamefika kwenye figo. Alifariki Jumatano tarehe 9 Novemba 2022, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa. Namshukuru muuguzi aliyembadilisha nguo mara ya mwisho bila haraka na bila kuziba pua. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikiangalia kama kuna mtu anayetufahamu.

Marehemu ameacha binti wawili na mwana mmoja, wajukuu saba, kitukuu mmoja, kaka mmoja aliye hai, na wanawake thelathini na wanne wa huduma ya sala, waliokatazwa na mimi kumwona.

Na ameacha mtu mmoja nisiyemjua. Wewe uliyeandika karatasi hii, kama bado unakuja, kama uko hapo nyuma karibu na mlango: mama alikuita Septemba. Wito ulikwama kwangu. Sikuombi usimame, na sitakutafuta kwa macho. Ujue tu kwamba alikuwekea kiti, akakungoja, na amekufa akidhani ulimkataa.

Mungu ampe mama yetu pumziko na amani, na huko amwambie yeye mwenyewe ukweli niliomnyima.