Shangazi na Kitambaa cha Ishirini na Nne

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunyima raha, muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, tunayemwita Shangazi, anastaafu tarehe 30 Juni. Ni pigo kubwa: kuanzia Julai mosi tutakuwa huru kukosea.

Alianza kwa kuchemsha vifaa, akapanda vyeo bila kujifunza adabu ya kunyamaza mbele ya wakubwa. Madaktari wapya walipewa onyo moja tu: mwogopeni Mungu, kisha Shangazi.

Kosa lake kubwa alilifanya Jumanne moja, saa nne asubuhi. Aliletwa binti wa miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa ushonaji. Tulikuwa tumemtibu vidonda vya tumbo wiki mbili nzima, kwani, kama wasomi tunavyojua, vijana hawaugui moyo. Kumbe ukuta wa moyo wake ulikuwa umetuna kama puto, na sasa umepasuka. Damu iliyovuja inaubana moyo usipige. Chumba cha upasuaji nacho kilikuwa na shughuli nyeti zaidi: wageni wa heshima wanapigwa picha chini ya taa mpya. Shangazi akaingia na machela mbio.

"Waheshimiwa, nje kuna mwanga mzuri zaidi," akasema, akawatoa wote, mkurugenzi akitangulia.

Tulifungua kifua, tukaushonea moyo kiraka. Baada ya kazi ya masaa matano, daktari bingwa, ambaye kwa ushahidi wake mwenyewe hajawahi kukosea, akaagiza kifua kifungwe. Shangazi hakumpa uzi. Vitambaa vya kufyonzea damu vilitoka ishirini na nne, vimerudi ishirini na tatu. Bingwa akafoka kwamba mama huyu hajui kuhesabu.

"Mwanangu, tafuta kwanza, utafoka baadaye."

Kilikuwa nyuma ya moyo, kimejikunyata tuli.

Siku ya kumi na mbili binti alitoka kwa miguu yake, mama yake kamshika mkono kana kwamba ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Shangazi akapewa barua ya onyo kwa kuwavunjia wageni heshima. Bingwa akapewa cheti cha pongezi.

Cheti hicho nakifahamu vizuri. Kimetundikwa ofisini kwangu, na mwaka wa tisa huu sijamwomba radhi.

Basi naomba leo, Shangazi, mbele ya wafanyakazi wote. Nisamehe. Asante kwa kutuhesabia. Nenda kalale mpaka jua likuamshe. Tunakuombea afya, umri mrefu, na wajukuu wasikivu kutuliko sisi.