Jina Asilolitamka Mkamwana

Ndugu waombolezaji mliojaa humu hemani na nje kwenye theluji, mimi ni Aizirek, mkamwana wa marehemu, na mnajua kwetu mkamwana hatamki jina la mama mkwe, ila yeye mwenyewe aliniomba nilitamke leo, basi nitamwita Mama mpaka nipate nguvu.

Mama alizaliwa tarehe 9 Mei 1953, malishoni Naryn, binti wa mchunga farasi, na husemwa alipolia mara ya kwanza farasi waliacha kula wakainua vichwa. Alisoma shule ya kijijini, mwaka 1971 akaingia shule ya muziki mjini Frunze, na mwaka 1976 akaajiriwa na jumba la opera, ambako sauti yake ilitanda ukumbini kama ukungu wa asubuhi, watu wakatoka nje wakitembea polepole, wasitake kuamka. Mwaka 1978 aliolewa na marehemu baba mkwe wangu, wakajaliwa Nurdin, mume wangu, na baadaye akafundisha vijana na kuongoza maigizo.

Mwaka 2017 alinisikia nikimbembeleza mwanangu kwa wimbo, akanipa sehemu ndogo katika opera ya mwisho aliyoiongoza, lakini binti mfalme wa mchezo ule alikuwa na jina lilelile la Mama, nami nilipaswa kumwamsha kwa kumwita jina, basi mbele ya ukumbi mzima nikaimba, “Amka, Mama Mkwe!” Watu wakaangua kicheko, nikajificha nyuma ya pazia, Mama akaja akifuta machozi ya kucheka, akasema, “Wewe binti, mchumba wake yuko mlangoni na maua, sasa amwoe mama mkwe wa nani?” Kesho yake alibadilisha jina la binti mfalme, waimbaji wote wakajifunza upya, wala hakusema ni kwa ajili yangu.

Vuli iliyopita uvimbe wa koo ulimwachia mnong'ono tu, akaniambia, “Ukinizika usiniite Mama, akina mama ni wengi huko niendako, nitajuaje ni mimi?” Nikasema ulimi utagoma. Akasema, “Ukigoma, imba.” Alituacha tarehe 17 Januari 2024, nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliotuletea mkate na kuni, na wenzake wa jumba la opera. Shangazi zangu, najua mnaona ni aibu, mniwie radhi, ulimi umegoma kweli, naimba: Kanyshai, Kanyshai Sadyrkulova, lala kwa amani.