Yule Hakuwa Mtu Yeyote

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, katikati ya kibanda cha kinyozi na duka la fundi cherehani, na kazi yake kubwa ni kubeba watu wanaojua kila kitu. Kinyozi anaitwa Hakimu, kwa sababu hakuna ugomvi wa mtaa huu asioutolea hukumu, wembe ukiwa mkononi. Wa pili ni Waya, fundi redio, ambaye kila kitu kikiharibika, iwe cherehani au ndoa, yeye anasema ni moto mdogo, umeme haufiki. Mama Kahawa anamimina na kusikiliza, na akichoka anasema neno moja linalowaudhi wote. Wa nne ni fundi cherehani mwenyewe, Sentimita, na asubuhi hiyo Sentimita alikuwa hashikiki. Alikuwa na futi ya kupimia shingoni, simu mkononi, na mishipa imemsimama kana kwamba amebeba gunia.

— Wamenidukua! alisema, akakaa, akasimama tena. Wiki nzima kuna mwizi yumo ndani ya jina langu. Ana picha yangu, anaandikia wateja wangu. Bibi harusi wangu kaja hapa asubuhi ananicheka, eti nimemwomba namba zilizoingia kwenye simu yake. Mimi! Niombe namba za watu!

— Pole, ndugu yangu, alisema Waya. Lakini mimi nilikwambia tangu siku ile ujumbe ulipogoma kufunguka. Betri ilikuwa na joto.

— Wewe uliniambia niizime niilaze kivulini! Nikailaza! Kumbe simu imelala kivulini, mwizi yuko juani anachapa kazi!

Hapo Sentimita alikuwa na haki ya kukasirika, maana wiki nzima alimsikiliza Waya, akawa anaifunika simu kwa kitambaa mchana na kuiuliza hali jioni.

— Tusirukie hukumu, alisema Hakimu. Hiyo simu ina kirusi.

— Kirusi cha wapi? Mimi simu yangu niliichagulia Kiswahili tangu dukani.

— Basi ulibonyeza kiungo. Redioni wanapiga kelele kila siku, usibonyeze kiungo usichokijua.

— Sijabonyeza kiungo chochote. Nilibonyeza simu kwa kidole changu.

— Na kidole si kiungo?

Waya aligonga ubao kwa furaha, kahawa ikamwagika. Sentimita alimtazama kwa macho makali hadi akafuta kwa mkono wa shati. Kilichomuuma Sentimita si simu. Alikuwa na dada yake, mkubwa wake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, anaishi peke yake upande wa pili wa mji. Mwizi akimfikia huyo, basi. Dada yake angempa hata godoro analolalia, mradi ameambiwa ni mdogo wake anaomba.

— Nimempigia dada tangu bibi harusi aondoke, alisema. Anapokea, nasema, "Dada, ni mimi." Mnajua ananijibu nini? "Mwizi mkubwa we!" Anakata. Nikarudia. Anasema, "Mdogo wangu ameshanionya. Kasema nikipigiwa na mtu mwenye sauti kama yake nisikubali, siku hizi wanaiga sauti." Anakata!

Hata Hakimu alishusha wembe.

— Yaani mwizi, alisema Mama Kahawa, amemfundisha dada yako kujihadhari na wewe.

— Si ndiyo! Hasira zangu ziko hapo! Mimi nimekuwa tapeli, tapeli amekuwa mimi!

— Mimi nina dawa, alisema Waya, akajisogeza. Mlikosa uthibitisho wa hatua mbili. Ninyi watu mnaandika namba ya siri mmekaa. Ndiyo kosa! Unasimama. Unapiga hatua moja, unaandika nusu. Unapiga hatua ya pili, unamalizia. Yule mwizi anakuvizia kutoka kwenye mnara wa simu, ukisogea anakupoteza.

— Na mgonjwa anayeandika amelala kitandani? aliuliza Hakimu.

— Huyo agaragare.

— Acha upuuzi. Mimi nawaambia mnara wenyewe ndio mwizi. Uliwekwa lini? Mwaka ule nywele za wateja wangu zilipoanza kukatika. Unavuta nywele, unavuta namba, unavuta na majina. Siku moja utavuta sura zetu, tutaamka tumebaki visogo.

— Visogo utavinyoa bei gani?

— Nyamazeni! Sentimita alipiga paja. Mtu anaibiwa jina, ninyi mnanyoa visogo!

Mama Kahawa alimjazia kikombe ili atulie.

— Hebu nieleze pole pole, Fundi. Siku ile ilianzaje?

— Nilipigiwa simu. Kijana mwenye adabu zake, ananiita mzee wangu. Anasema yeye ni wa huduma kwa wateja, akaunti yangu inafungwa leo, atanitumia namba nimsomee ili aiokoe. Namba zikaja. Nikamsomea.

— Ujumbe ulisema namba tu?

— Ulisema namba, halafu ukasema, "Usimpe mtu yeyote namba hii." Na hayo nikamsomea. Nilisoma wote mpaka nukta, mimi sisomi nusunusu.

— Ulimsomea mwizi kwamba asipewe?

— Mwizi nilimjua? Alishajitambulisha! Kasema jina lake, kasema idara yake, kaniuliza habari za kazi. Mtu yeyote ni nani? Ni mpita njia, mtu usiyejua katoka wapi. Yule hakuwa mtu yeyote! Wangetaka nisimpe, wangeandika, "Usimpe hata anayejitambulisha." Kosa ni la walioandika!

Hakimu aliinua wembe kutoa hukumu.

— Kilugha, Fundi ana hoja.

— Hana, alisema Mama Kahawa. Fundi, wewe hukudukuliwa. Kudukuliwa ni mtu kuvunja mlango usiku. Wewe ulibishiwa hodi, ukafungua, ukamkabidhi ufunguo na ukamwonyesha pa kulala. Huko ni kutapeliwa.

Neno hilo lilimchoma. Aliyedukuliwa anapewa pole, aliyetapeliwa anachekwa, na Sentimita alilijua hilo vizuri, kwa kuwa yeye mwenyewe aliwacheka wengi kwenye ubao huohuo.

— Nimedukuliwa! alifoka. Sitaki kusikia neno lingine!

— Haya, umedukuliwa. Sasa kwa nini umekaa hapa? Si uende kwa dada yako umwonyeshe sura?

— Nitaenda. Namalizia kikombe.

Na kweli alikuwa amenuia kwenda. Lakini kikombe kilikuwa kimoto, Waya alikuwa ameanza nadharia ya kuzungushia simu waya wa shaba, na ilibidi mtu ampinge. Hivyo wote wanne walikuwa wanapiga kelele kwa pamoja mama mmoja mzee alipofika na kujishusha kwenye ncha ya ubao, mkoba mapajani, akihema.

— Dada! Sentimita aliruka. Shikamoo! Umekujaje?

— Marahaba. Nimekuja kwa miguu yangu, kuanzia kituoni. Umesema una haraka.

— Mimi?

— Si umeniandikia jana? Jirani ananisomea ujumbe wako. Alipofika pale unaposema nisimwonyeshe mtu namba zitakazokuja, nikamnyang'anya simu. Zimekuja, lakini macho yangu hayaoni maandishi madogo hayo. Nikasema basi, nimpelekee mwenyewe azisome.

Alitoa simu mkobani, imefungwa kwenye leso, akamnyooshea. Watu watatu walipiga kelele pamoja asimpe mtu, naye akairudisha kifuani kwa woga. Sentimita alipiga magoti mbele yake, akamweleza yote, akichanganya mnara na kijana wa adabu, huku Mama Kahawa akimsahihisha. Mwishowe dada alielewa. Mwizi alikuwa amebakiza namba hizo tu, na alikuwa amezikosa. Waya alipiga makofi. Hakimu alitangaza ushindi. Sentimita alicheka kwa sauti, machozi yakimlengalenga.

— Tumempata! alisema. Kamkosa dada yangu, mshenzi yule!

Dada yake hakucheka.

— Kwa hiyo anayeniandikia kila asubuhi si wewe.

— Si mimi, dada. Ni mwizi.

— Anayeniuliza nimelalaje. Anayeniuliza goti limeamkaje, nikimjibu kwa ujumbe wa sauti ananiambia nisisahau kulikanda kwa maji ya moto. Siku zote hizi, si wewe.

— Si mimi, alirudia Sentimita, safari hii kwa sauti ndogo.

— Nilikuwa namwambia jirani, mdogo wangu amebadilika. Aliikunja leso yake mara mbili. Basi niambie wewe uliye mdogo wangu kweli. Goti linaloniuma ni lipi?

Waya alifungua mdomo, Mama Kahawa akamkanyaga mguu. Hakimu alijishughulisha na wembe wake. Sentimita, bado amepiga magoti, aliyatazama magoti mawili yaliyofunikwa na gauni alilolishona yeye. Alijua kiuno chake, alijua urefu wa mikono yake, alijua bila kupima kwamba pindo lile linashuka sentimita kumi na nne chini ya goti, pande zote mbili sawasawa.

— Mwizi anajua, alisema dada yake.