Kilo za Ukweli: Maisha ya Injinia Bénite Kahindo

Mchungaji, wazee wa Kipese, wageni wetu wa Butembo na Beni, na ninyi wasukumaji wenzangu wa chukudu, vigari vyetu vya mbao vya magurudumu mawili, mliosimama huko nyuma kwa sababu hamjazoea viti, mimi ni Edmond Paluku, kaka mkubwa wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yangu, nami nitasoma polepole, maana msomaji wa nyumba hii alikuwa yeye.

Bénite Kahindo alizaliwa hapa Kipese tarehe 14 Machi 1993, akiwa kitinda mimba katika watoto watatu, na alianza shule ya msingi hapa hapa mwezi wa Septemba 1999. Tarehe 2 Novemba 2004 baba yetu, aliyekuwa akipeleka viazi Butembo, aliteleza juu ya magogo mawili ya mukaratusi tuliyoyaita daraja la mto Luvingo, chukudu na mzigo wake vikamfuata majini, tukampata kesho yake. Bénite, aliyekuwa na miaka kumi na moja, alisema mbele ya maiti kwamba yeye atajenga daraja pale. Tulimnyamazisha, na niseme wazi, aliyemnyamazisha ni mimi.

Alisoma sekondari mjini Butembo, sehemu ya hesabu na fizikia, akapata diploma ya Serikali mwezi wa Julai 2011 kwa asilimia 76, na mwaka uliofuata akashinda bourse, ufadhili wa masomo, ya kwenda kusomea ujenzi wa barabara na madaraja nchini Uturuki, katika mji wa Konya. Siku aliyoondoka, tarehe 9 Septemba 2012, mimi nilisema mbele ya jamaa zote, "Nani atamuoa mwanamuke wa kuvaa kofia ya chantier, ya mafundi wa ujenzi?", na yeye akacheka, akapanda gari. Alisoma Kituruki mwaka mzima, kisha ujenzi miaka minne, akivaa sweta tatu kwa ajili ya theluji, na wenzake walipomwuliza kama Kongo kuna barabara, aliwajibu kwamba kungekuwa nazo asingefika kwao.

Mwezi wa Machi 2017, katika kazi yake ya mwisho ya chuo, alichora daraja la Luvingo, lakini vitabu vya mahesabu vilijua uzito wa lori, wa treni na wa umati wa watu, chukudu havikuijua, na profesa wake alipomshauri aihesabu kama baiskeli alikataa, akanipigia simu nimwambie tunabeba kilo ngapi. Nilimjibu papo hapo, mia mbili na hamsini. Ndivyo tunavyojibu sote pale barrière, kizuizi cha barabarani ambapo ushuru hufuata uzito, na mdomo wangu ulikuwa umezoea. Akaniambia, "Yaya, kaka yangu, hizo ni kilo za barrière. Miye nataka kilo za ukweli. Daraja haitakuomba ushuru, itavunjika tu. Na Papa pia alikuwa anasemaka mia mbili." Nililia, ndugu zangu, sioni haya kuwaambia.

Kwa siku mbili nilipandisha chukudu kumi na nne juu ya mizani ya kahawa ya Kasimu, mfanyabiashara wa Butembo, huku wenzangu wakinitukana kwamba nimekuwa mtu wa ushuru, na iliyokuwa nzito kuliko zote ilikuwa na kilo mia tano na arobaini, nayo ilikuwa yangu. Tarehe 23 Juni 2017 Bénite alihitimu, wa pili kati ya wanafunzi sitini na wanane, na ndani ya kitabu chake kuna mstari huu: "Chukudu, kilo 540, imepimwa na Edmond Paluku, msukumaji, Kipese." Mimi niliyeishia darasa la nne, jina langu liko katika maktaba ya Konya!

Aliporudi aliajiriwa na kampuni ya ujenzi mjini Butembo mwezi wa Oktoba 2017, na tarehe 17 Agosti 2019 aliolewa na mwalimu Roger, mwana wa Kasai aliyetumwa kufundisha Beni, kofia ya chantier haikumzuia, mimi nikala wali wa harusi kimya kimya. Mungu aliwapa Précieuse mwaka 2020 na Grady mwaka 2022.

Kuhusu daraja, alibisha hodi katika ofisi za Serikali miaka mitatu bila jibu, ndipo kijiji kikaanza chenyewe kwa salongo, kazi ya pamoja isiyo na malipo, akina mama wakabeba mchanga na mawe, sisi tukasukuma saruji, kampuni yake ikatoa vyuma, na tarehe 6 Novemba 2021 chukudu kumi na mbili zilizojaa viazi zilivuka pamoja, ya kwanza yangu, kila mmoja akitaja kilo zake za kweli kwa sauti, na daraja halikutikisika.

Ugonjwa, saratani ya damu, ulimpata mwezi wa Mei 2023, akatibiwa Butembo na Kampala, akafariki Ijumaa tarehe 9 Februari 2024, saa nne asubuhi, Roger akimshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, wafanyakazi wenzake waliochangia damu, na majirani ambao jiko lao halijazima tangu Ijumaa.

Jana gari lililomleta lilifika Luvingo, nami nikaomba lisimame, ingawa lingevuka vizuri, tukamshusha tukamweka juu ya chukudu yangu. Pale barrière waliniuliza, kama kawaida yao, nimebeba kilo ngapi. Niliwaambia kwamba huu ndio mzigo mzito kuliko yote niliyowahi kubeba. Walifungua bila kudai ushuru, nikamvusha juu ya daraja lake, na ninyi nyote, zaidi ya mia tatu, mkavuka nyuma yetu.

Pumzika kwa amani, Injinia wetu, sote tumevuka.