Kamba ya Kutoka Nairobi hadi Ndia Kuu

Baada ya alasiri, kibaraza cha kona ya Ndia Kuu hakikosi watu. Siku hiyo walikuwapo Chonga, aitwaye Winchi kwa kazi yake ya kuendesha winchi bandarini Kilindini, na Sammy, wakala wa forodha, aitwaye Wakili kwa kuwa hajapata kukubali kushindwa. Abdulbasit, muuza kahawa, akiwamiminia. Mara akaja Mwalimu Jamaldin, asomeshaye Mbaraki, uso umemshuka. Asubuhi aliwafundisha watoto umri wa dunia, miaka bilioni nne na nusu. Wakaandika vizuri, kisha mmoja wao, Sidi, akauliza kama nyanyake alikuwako dunia ilipoanza. Darasa likaangua kicheko, na Jamaldin akatambua kuwa hata waliocheka hawakuelewa. Mwalimu mkuu akamwambia awaache wakariri, mtihani hautaki zaidi. Hilo ndilo lililomkereketa, akawauliza wenzake miaka hiyo ataionyeshaje.

— Jaza meli mchele, Winchi akasema. Punje moja, mwaka mmoja.

— Wataupika pilau kabla hawajafika kwa Firauni! Wakili akadakia. Vuta kamba, yakhe. Nairobi ndiyo mwanzo wa dunia, hapa ndipo leo. Wahenga walisema, kipya kinyemi kingawa kidonda.

— Kipya gani, Winchi akauliza, nasi twasema ya kale?

— Kidonda ndicho cha kale!

Jamaldin akapiga hesabu kwenye simu. Akairudia.

— Binadamu wa kwanza yuwatokea pale, mlangoni pa duka la vinyago.

— Pale tu? Winchi akashangaa. Na huko nyuma kote?

— Voi hamna mtu. Mariakani hamna. Wale mijusi wakubwa wamekufa Changamwe.

— Na Mreno na ngome yake? Wakili akauliza.

— Upana wa vidole vitatu kutoka hapa tulipo.

— Na babu yangu? Winchi akauliza, sauti imeshuka.

— Miaka yake yote? Haizidi upana wa ukucha.

Winchi akautazama ukucha wake. Babu yake alikuwa na wake wanne, na hasira zilizotetemesha Kaloleni nzima.

— Haitoshi! Ivuteni mpaka Kampala, apate nafasi.

— Kampala ndiyo nini? Wakili akasema. Tukaifunge mwezini!

— Ukivuta, Jamaldin akasema polepole, na ule utupu wa Voi na Mariakani nao wavutika.

Hapo alikuwa amefika Bi Mwanaesha wa nyumba ya pili, na chupa yake ya kutilia kahawa. Alisimama akisikiliza.

— Hebu niambieni. Hao walioko huko mbali kwenye kamba, walijua kuwa wako zamani?

Abdulbasit akaichukua chupa, akaijaza kahawa. Jamaldin, aliyezoea kujibu, aliiweka simu chini. Aliitazama njia, wapita njia, mikono yake mwenyewe, kana kwamba nao wako kwenye kamba.

— Sijui, Bi Mwanaesha.

— Basi kawaulize watoto, mwanangu. Usiwape jibu. Wao ndio wenye wakati mbele yao.

Akapokea chupa yake, akaenda zake.