Dada Yetu Mpanga Herufi na Kurasa Kumi na Moja Tulizozisahihisha

Marehemu tuliyemsindikiza hapa leo alikuwa mpanga herufi. Kwa miaka thelathini na sita alisimama mbele ya kabati la herufi za madini ya risasi, na baadaye akaketi mbele ya kompyuta, akipanga kadi za arusi, vitabu vya risiti, matangazo ya minada na wasifu wa marehemu wa watu wengine. Jioni nyingine alirudi nyumbani akivua viatu mlangoni na kusema, "Leo nimezika watatu, na wote waliugua kwa muda mfupi. Hivi katika mji huu hakuna mtu anayeugua kwa muda mrefu?" Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake wa mwisho, ambaye ameona si haki kumfanyia dada yake jambo alilolichukia maisha yake yote.

Alizaliwa tarehe 11 Mei 1959, katika nyumba ya vyumba viwili iliyoegemea ukuta wa ghala la nafaka, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba yake alikuwa mlinzi wa ghala hilo. Mama yake alifua nguo za watu. Herufi alizijua kabla ya shule, kwa kusoma maandishi ya magunia, na kwa kuwa wapakuzi hawakujali gunia limekaa vipi, nusu ya herufi hizo alizijua zikiwa kichwa chini miguu juu. Alipoanza darasa la kwanza, Januari 1966, mwalimu wake alishangaa kumwona mtoto aliyesimama ng'ambo ya meza akikisoma kwa sauti kitabu kilichoelekezwa kwa mwalimu mwenyewe.

"Wewe, nani kakufundisha kusoma kinyumenyume?"

"Magunia, Mwalimu."

Darasa zima lilivunjika mbavu. Yeye hakuona cha kuchekesha.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1972 na kidato cha nne Novemba 1976, akiwa wa pili katika darasa la wanafunzi arobaini na moja. Matokeo yake yalimruhusu kuendelea. Lakini mwaka huo baba alianguka kutoka juu ya rundo la magunia akavunjika nyonga, na jamaa wakakaa kikao wakaamua kwamba msichana amekwisha kusoma vya kutosha, na kwamba aliyebaki kusomeshwa ni yule wa mwisho, wa kiume, aliyekuwa na miaka tisa. Imezoeleka kusema katika shughuli kama hii kwamba dada alijitolea kwa ajili ya wadogo zake. Hakujitolea, alitolewa. Wala hakuwahi kumsimanga mdogo wake kwa hilo. Kila jioni alimkagulia insha zake kwa penseli, kamwe si kwa wino, akisema, "Ukiona nimekosea, ubishe. Penseli inafutika."

Februari 1977 aliajiriwa katika kiwanda kidogo cha uchapaji nyuma ya stendi, mwanamke pekee miongoni mwa wanaume tisa. Huko ndiko alikopewa jina la Mama Nukta, kwa sababu hakuna maandishi yaliyopita mikononi mwake bila kuwekewa nukta pale mteja alipoisahau. Ni nukta na herufi hizo zilizomletea mume. Mwaka 1982 alifika kijana fundi saa, akaleta maneno ya kibao cha duka lake: TUNATENGEZA SAA ZA AINA ZOTE. Alipokuja kuchukua kazi yake, alikuta neno limeongezeka ukubwa.

"Dada, mmenizidishia herufi mbili."

"Sijakuzidishia, nimekurudishia. Ulizisahau njiani."

"Na kama kibao hakitoshi?"

"Basi panua duka."

Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1983, wakajaliwa binti na mwana wa kiume. Fundi saa huyo husema hadi leo kwamba katika miaka arobaini ya ndoa hakuwahi kushinda ubishi hata mmoja, ila aliruhusiwa kupumzika katikati.

Alistaafu Desemba 2013. Machi 2015 alianzisha jambo ambalo lilimpa furaha kuliko kazi zote alizowahi kufanya: kundi la uandishi la Jumamosi. Lilikuwa la watu watano tu. Walikutana saa nane mchana katika chumba cha kusubiria cha kliniki ya meno, ambacho siku hiyo kilikuwa wazi baada ya wagonjwa kuondoka, chini ya picha kubwa ya jino lenye mizizi. Alikuwepo mzee aliyekuwa mgawa barua, aitwaye Mzee Posta, ambaye aliandika habari za nyumba ambazo mbwa wake walimjua kwa harufu. Alikuwepo mchomeleaji mageti aliyeitwa Cheche, mwandishi wa mapenzi yasiyofika popote. Alikuwepo muuguzi wa zahanati. Wa nne alikuwa marehemu mwenyewe, na wa tano mdogo wake wa mwisho, ambaye walimpa uenyekiti kwa sababu alikuwa na mazoea ya kuandikia ofisi barua za kudai taa za barabarani na kufunguliwa kwa maktaba, na wakamwona anajua utaratibu.

Mwenyekiti huyo alikuta kundi halina utaratibu. Mtu aliposoma kazi yake na kukosolewa, alijitetea nusu saa nzima. Mzee Posta aliwahi kujitetea mpaka akasahau hadithi yenyewe. Basi mwenyekiti akaleta kanuni. Kila mmoja angegawiwa nakala aandike maoni yake, na mwandishi asingesema neno mpaka wote wamalize. Cheche aliipa kanuni hiyo jina: kufunga duka. Kazi ikishasomwa, wote walimgeukia mwandishi kwa pamoja, "Haya, funga duka!" naye alifumba mdomo. Wakimaliza, mwenyekiti alisema, "Fungua duka," na hapo mwandishi alijibu. Mwenyekiti aliionea fahari kanuni hiyo. Aliwahi kusema mbele ya watu kwamba ndiyo mageuzi pekee aliyoyapigania yakafaulu.

Tarehe 4 Februari mwaka huu, 2023, dada yetu alileta hadithi ya kurasa kumi na moja. Ilimhusu mwanamke ambaye chakula kilianza kumkwama kooni. Mwanamke huyo alikata kila tonge vipande vidogo, akasindikiza kila kipande kwa maji. Aliwapakulia wengine kwa bidii ili wasione sahani yake. Aliibana sketi yake kwa pini, kisha pini mbili. Mtu alipomuuliza, alijibu kwamba alikwisha kula. Alisoma hadithi hiyo kwa sauti yake ya kawaida, bila haraka, akameza mate mara kwa mara.

"Haya, funga duka!" wakasema.

Mzee Posta alisifu lugha, akauliza ugomvi uko wapi. Cheche akasema, "Huyu mama anakunywa maji kila ukurasa, jamani. Ni mama au ngamia?" Walicheka wote, na marehemu naye alicheka, mkono mdomoni. Muuguzi akasema dalili zinakwenda polepole mno, msomaji atachoka. Kisha akasema mwenyekiti, kwa kirefu, kama ilivyo desturi yake.

"Mhusika huyu haaminiki. Ana mume. Ana ndugu wanaompenda, hadithi yenyewe inasema hivyo. Kwa nini haendi kwa mdogo wake akamwambia? Mwandishi amemnyima ulimi makusudi ili hadithi irefuke. Nani anaugua hivi, katikati ya watu wake, halafu ananyamaza?"

Marehemu alikuwa amefungua mdomo. Wote wanne wanakumbuka hivyo. Lakini mfagizi wa kliniki alikuwa amekwisha kusimama mlangoni na funguo, viti vikaanza kuburutwa, na mwenyekiti akafunga kikao. Siku hiyo hakusema, "Fungua duka." Katika miaka minane, ilikuwa mara ya pekee kusahau.

Nakala aliyomrudishia dada yake ilikuwa na maandishi ya wino mwekundu. Ukurasa wa pili: *Maji tena? Inajirudia. Futa.* Ukurasa wa tisa: *Haaminiki. Kwa nini hasemi?*

Ni lazima ielezwe pia kwamba kila Jumapili mwenyekiti huyo alikula mezani kwa dada yake. Aliliona birika la maji likihamia upande wa dada. Hakuuliza kwa nini limehamia, alimwomba amsogezee.

Tarehe 22 Aprili marehemu alileta hadithi ileile ikiwa imeandikwa upya, sasa kurasa saba. Humo mwanamke anamwambia mdogo wake katika ukurasa wa pili, anapelekwa hospitali, anapona, na katika ukurasa wa mwisho anakula hadi anashiba. Kundi lilipiga makofi. Cheche alisema, "Sasa hapo umetupa kitu, Mama Nukta." Na kwa wino uleule mwekundu, mwenyekiti akaandika chini: *Sasa inaaminika. Hongera.*

Jumatatu tarehe 19 Juni marehemu alianguka jikoni kwake, na siku hiyohiyo madaktari wa hospitali kuu walikuta uvimbe katika umio. Ulikuwa umekwisha kusambaa. Mdogo wake alimuuliza daktari kama miezi minne ingeleta tofauti. Daktari alisema hawezi kuwa na uhakika.

Mumewe ndiye aliyezikuta zile kurasa kumi na moja, ndani ya droo ya cherehani, akazipeleka wodini. Mdogo wake alizisoma akiwa ameketi kando ya kitanda cha saba, chumba cha pili, mchana wa tarehe 8 Julai.

"Dada, huyu alikuwa wewe?"

"Eh! Mwenyekiti kaamka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Kurasa kumi na moja, tena nafasi mbilimbili ili usipate shida ya macho."

"Ungesema tu kwa mdomo, Dada."

"Kwa mdomo ningelia, wewe ungelia, shemeji yako angeangusha saa ya mtu. Kwenye karatasi naweza kuweka nukta, nikapumua, nikaendelea. Nilidhani mtauliza. Nikasema, wakimaliza kuongea, mmoja atauliza."

"Nilikukosea."

"Ulinikosea, ndiyo." Hakumpoza, kwa kuwa hakuwa mtu wa kupoza. "Lakini na mimi nilisubiri ruhusa ya kuongea, kwa mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Tumekuwa wajinga wawili. Nisogezee mto."

Jumamosi iliyofuata kundi lilikutana, likaifuta kanuni ile kwa kauli moja. Muuguzi alilia. Mdogo wa marehemu anataka ijulikane kwamba maneno ya wenzake yalikuwa maneno ya wasomaji, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kusoma alichopewa. Kati yao, yeye peke yake ndiye aliyekuwa mezani siku za Jumapili, na yeye peke yake ndiye aliyeitunga kanuni.

Dada yetu aliaga dunia Jumapili tarehe 3 Septemba 2023, saa nne na robo asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono wa kulia na binti yake wa kushoto. Alikuwa na miaka sitini na minne.

Juzi, wasifu huu ulipokuwa ukitayarishwa, baba mdogo alishauri uandikwe kwa ufupi. "Andika aliugua kwa muda mfupi, inatosha. Msibani si mahali pa kesi. Unataka watu waondoke wanakuzungumza wewe?" Ni mzee wetu, na alisema kwa nia ya kumlinda mtoto wa kaka yake. Shauri hilo lilimshawishi mwandishi kwa saa mbili, kwa sababu lilikuwa jepesi na lilimfaa. Kisha fundi saa akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi, "Shemeji, andika ilivyokuwa. Na mimi nilikuwa meza hiyohiyo. Nilidhani ni joto, ndiyo maana anakunywa maji."

Basi iandikwe ilivyokuwa. Marehemu hakuugua kwa muda mfupi. Aliugua kwa miezi isiyopungua saba, alijua, akasema. Alisema kwa ufasaha, kwa mpangilio, mbele ya watu wanne waliokutana kila wiki kwa kazi moja tu ya kusikilizana, na watu hao wakamrekebishia hadithi. Mwanamke aliyeandika juu ya mwili wake mwenyewe aliambiwa haaminiki, akaenda nyumbani akautungia mwili huo uongo mzuri ili awaridhishe, na uongo huo ndio uliopigiwa makofi. Wenye ndugu anayeandika, anayeimba, anayetania, msikimbilie kumsifu wala kumkosoa. Muulizeni kwanza habari za kwake.

Zile kurasa kumi na moja zimechapishwa nyuma ya ratiba hii ya mazishi, kwa idhini ya mumewe. Zimepangwa kama alivyoziandika, maji yote yakiwa mahali pake, na wino mwekundu hauonekani. Kiwanda alichofanyia kazi kimezichapa, na kijana aliyerithi meza yake anasema hakuona nukta iliyokosekana.

Ameacha mume fundi saa, binti fundi umeme, mwana wa kiume mpishi, wajukuu watatu, mdogo wake wa kati, ambaye ameketi hapa mbele, wenzake watatu wa Jumamosi, na mdogo wa mwisho, aliyesahihisha pale palipotakiwa kuuliza.

Dada yetu apumzike kwa amani, na asiwepo tena wa kumsahihisha.